Nilitafuta Siri, Nikapewa Fomu ya Safari

Kwa miezi saba niliwinda mchoro mmoja. Ni mchoro wa kifaa kinachoenea kiganjani, kinachoishikilia setilaiti ndogo ndani ya kasha lake mpaka roketi ifike juu, kisha kinaiachia itoke bila kuyumba. Kampuni mbili za Marekani zilikuwa mahakamani kwa ajili yake. Moja ilikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki uvumbuzi, na ikadai mwenzake ameiba. Ya pili ikajibu kwamba imebuni chake yenyewe na haijaiba kitu.

Kufikia mwezi wa saba nilikuwa nimeshaandika maombi manne ya kumbukumbu za serikali na kupokea jumla ya kurasa 213. Zaidi ya nusu zilikuwa nyeusi tititi: kichwa cha habari unakiona, namba ya ukurasa unaiona, katikati ni wino mtupu. Ukurasa wa 198 ulikuwa mweupe. Ilikuwa fomu ya kuombea ruhusa ya safari: siku tatu, tiketi ya ndege ya daraja la kawaida, posho ya kulala na kula, saini mbili. Kwenye mstari wa sababu ya safari mtu alikuwa ameandika kwamba anakwenda kuwasilisha, pamoja na mkandarasi, slaidi zilezile za mapitio ya mradi katika warsha iliyo wazi kwa wote.

Hakuna aliyefikiria kuipaka wino fomu ya posho.

Lakini nilianzia mbali sana na kifaa hicho. Nilianzia Mwezini. Desemba 1997 setilaiti ya mawasiliano iitwayo AsiaSat 3 ilirushwa kwa roketi ya Proton, hatua ya mwisho ya roketi ikafeli, na setilaiti ikaachwa kwenye mzingo usiomfaa mtu yeyote. Bima ikalipwa. Hughes, waliokuwa wameiunda, wakaichukua na kufanya jambo ambalo setilaiti ya biashara haikuwahi kufanyiwa: wakaisukuma ikauzunguke Mwezi, mara moja Mei 1998 na mara ya pili Juni, ili mvuto wa Mwezi uwasaidie kuunyoosha mzingo wake. Wakafaulu. Mwaka 2000 wakapewa hataza. Hataza hiyo haikuwa ya injini wala antena. Ilikuwa ya njia yenyewe. Mwaka 2008 setilaiti nyingine, AMC-14, ilikwama kwa namna inayofanana, na vyombo vya habari vya sekta ya anga vikaripoti kwamba wazo la kuipitisha Mwezini lilizuiwa kwa sehemu na hataza hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Boeing.

Niliposoma hivyo nilikasirika kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba upepo una mwenyewe. Nikaenda kutafuta karatasi zake, nikagundua kitu ambacho wenye kazi yao wanakijua tangu zamani: hataza ikishatolewa Marekani, faili lake lote linakuwa wazi. Barua za wakili, majibu ya mkaguzi, sentensi iliyofutwa na ile iliyowekwa mahali pake, yote yamo. Huhitaji kumwomba mtu. Maombi mengi hata huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, kabla hayajaamuliwa. Nikawa msomaji wa mafaili hayo usiku, jinsi wengine wanavyofuatilia tamthilia, na huko ndiko nilikokutana na ule ugomvi wa kifaa cha kuachia setilaiti.

Kilichonivuta ni sentensi moja. Mwanzoni mwa maelezo ya hataza, kabla hata mvumbuzi hajaanza kusifu alichobuni, paliandikwa kwamba uvumbuzi ulifanyika kwa msaada wa serikali chini ya mkataba namba fulani, na kwamba serikali ina haki fulani ndani yake. Sentensi ya namna hiyo huwekwa kwa kulazimishwa na Sheria ya Bayh-Dole ya 1980. Sheria hiyo iliziruhusu kampuni ndogo na vyuo vikuu kubaki na hataza za vitu vilivyobuniwa kwa fedha za umma, kwa masharti, na mojawapo ni kukiri hadharani fedha zilikotoka. Wasomaji wengi huiruka. Kwangu ilikuwa kama kuona nyayo mlangoni. Penye mkataba wa serikali pana ripoti za kila robo mwaka, hati za malipo, taarifa ya uvumbuzi (NASA wana Fomu 1679 kwa kazi hiyo, jeshi lina DD 882) na mtu fulani ofisini aliyelipwa kuyahifadhi yote hayo.

Kampuni binafsi hailazimiki kunionyesha chochote. Ofisi ya serikali inalazimika, angalau kunijibu.

Sheria yenyewe ni FOIA, Sheria ya Uhuru wa Habari, iliyotiwa saini Julai 4, 1966. Neno lililo muhimu kwa mtu kama mimi ni kwamba haki ya kuomba imepewa mtu yeyote. Sheria haikusema raia, wala haikusema mwandishi wa habari. Huulizwi sababu. Ofisi ina siku 20 za kazi za kujibu, ingawa kujibu kunaweza kuwa barua ya kusema tumepokea, jambo lako ni gumu, lipo kwenye foleni ya mambo magumu. Mwombaji asiye na biashara wala chombo cha habari hupewa saa mbili za kutafutiwa na kurasa 100 bila malipo. Niliyasoma haya yote kwa furaha, nikakaa, nikaandika barua mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika.

Niliomba "nyaraka zote na mawasiliano yote yanayohusu mifumo ya kuachia setilaiti ndogo." Nilijiona mjanja: ukitupa wavu mpana, samaki atakosaje? Baada ya wiki tano afisa wa kumbukumbu aliniandikia kwa upole kwamba ombi langu, likichukuliwa lilivyo, linagusa vitengo vingi na barua pepe za miaka mingi, na sheria inataka mwombaji aeleze anachotaka kwa namna ambayo mtumishi anayejua kazi yake anaweza kukitafuta. Akauliza: je, una namba ya mkataba? Namba ninayo! Ilikuwa kwenye hataza, niliitazama kila siku, na sikuiweka kwenye barua kwa sababu nilidhani nikiitaja watajua ninachowinda.

Hilo ndilo kosa la anayeanza. Unajifanya mpelelezi. Unaficha unachotaka kwa mtu pekee anayeweza kukupa. Afisa yule hakuwa upande wa kampuni yoyote. Alikuwa na rundo la maombi mezani, na ombi lililoandikwa vizuri lilikuwa kwake kama mgonjwa anayejua panapomuuma. Barua yangu ya pili ilikuwa na mistari mitano: namba ya mkataba, ripoti za kiufundi, kuanzia tarehe hii hadi hii. Ikafanyiwa kazi.

Ila nilikuwa sijajua hatua inayofuata. Ukiomba karatasi ambazo kampuni iliipa serikali, serikali haikupi tu. Kwa amri ya Rais ya mwaka 1987, Amri ya Utendaji namba 12600, ofisi inatakiwa kwanza kuijulisha kampuni kwamba kuna mtu anaomba taarifa zake za kibiashara, na kuipa nafasi ya kupinga. Kampuni ikishindwa kuishawishi ofisi, inaweza kwenda mahakamani kuzuia. Kwa hiyo mtu unayemchunguza anaambiwa rasmi kwamba anachunguzwa. Mwanzoni niliona huu ni uonevu. Baadaye nikabadilika kidogo. Kama ningekuwa nimejenga kitu kwa jasho langu na kumpelekea mteja michoro, nisingependa mteja amgawie kila anayepita. Kinachonikera ni kwamba kampuni ndiyo inayopendekeza mistari ya kufutwa, na ofisi yenye watu wachache na maombi mengi haina muda wa kubishana mstari kwa mstari.

Hivyo ndivyo nilivyopata weusi wangu. Kila doa jeusi lilikuwa na alama pembeni, (b)(4), yaani kifungu cha siri za biashara. Kifungu hicho kilikuwa kimepanuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2019, katika kesi iliyotokana na ombi la gazeti la Argus Leader la South Dakota. Gazeti hilo halikuuliza habari za roketi. Lilitaka kujua maduka yanapokea kiasi gani kutoka mpango wa serikali wa kuwasaidia maskini kununua chakula. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 40, mahakama zilitaka ithibitishwe kwamba kutoa taarifa kungeleta madhara makubwa ya kiushindani. Baada ya hapo ikatosha kwamba mwenye taarifa huwa haitoi hadharani na aliipa serikali kwa kuahidiwa faragha. Mauzo ya maduka yakafunga milango ya karakana za setilaiti. Sheria huenda hivyo, inaumizwa goti inachechemea bega.

Juu ya wino huo kulikuwa na safu nyingine. Mkataba ulikuwa wa SBIR, mpango wa serikali wa kuzipa kampuni ndogo fedha za utafiti, na data za mikataba hiyo zina kinga yake. Tangu mwongozo wa 2019 kinga hiyo ni ya miaka 20. Huo ni umri unaokaribia kabisa wa hataza, ambayo nayo huhesabiwa miaka 20 tangu kuombwa. Kwa maneno mengine, ripoti inaweza kufichwa kwa muda uleule ambao kitu chenyewe kimetangazwa kwa ulimwengu mzima. Niliiweka michoro ya hataza mezani, ile iliyo wazi kwenye mtandao, kando ya kurasa nyeusi za ripoti, nikacheka peke yangu. Nina hakika nusu ya kilichofichwa kilikuwa kilekile kilichokuwa mbele yangu.

Nilikuwa na muda mwingi wa kusubiri, na katika kusubiri ndipo nilipoisoma kesi ya Donald Williams, ambayo ilinifundisha kwa nini karatasi za serikali ndizo za kuwinda.

Williams alikuwa mhandisi wa Hughes. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na wenzake Harold Rosen na Thomas Hudspeth walikuwa wakibuni setilaiti ambayo ingeenda sambamba na mzunguko wa dunia, ionekane imesimama mahali pamoja angani. Setilaiti yao ilijizungusha kama pia, kwa sababu pia inayozunguka haianguki. Shida ya pia ni kuigeuza. Ukiisukuma hovyo inayumba. Jibu la Williams lilikuwa kijeti kimoja kinachopuliza kwa pigo fupi, kila mzunguko, mahali palepale pa mzunguko. Vihisi vya jua vinatuma ishara chini, watu wa ardhini wanakokotoa pia imefika wapi, wanatuma amri ya kupuliza. Pigo baada ya pigo mhimili unainama hadi unapotakiwa. Ni wazo ambalo ukishaelezwa unajiuliza mbona hukulifikiria mwenyewe.

Hataza iliombwa Aprili 1960. Ilitolewa Septemba 1973. Miaka 13! Sehemu ya muda huo ilikwenda kwenye ugomvi na NASA, ambao chini ya kifungu cha 305 cha sheria iliyoianzisha taasisi hiyo mwaka 1958 walidai kwamba uvumbuzi ni wao, kwa kuwa ulifanyika ndani ya mkataba wao. Kila kitu kikaning'inia kwenye tarehe: wazo lilishathibitishwa kufanya kazi kabla ya mkataba, au ndani yake? Mwaka 1972 mahakama ya rufaa ikaamua kwa upande wa Williams. Yeye mwenyewe hakuisikia hukumu; alifariki 1966. Alikuwa amewahi kuona setilaiti zake zikifanya kazi. Agosti 1963, kwa kupitia Syncom 2 na meli ya Kingsport iliyotia nanga Lagos, Rais Kennedy alizungumza na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, kwa simu.

Hataza ilipotoka, Hughes wakaishtaki serikali mwaka huohuo. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui: mkandarasi akitumia hataza ya mtu kwa kazi ya serikali na kwa idhini yake, huwezi kumshtaki mkandarasi. Unaishtaki serikali yenyewe, kwa fidia tu, na huwezi kuomba kazi isimamishwe. Serikali ikajitetea kwamba vyombo vya baadaye vilikuwa na kompyuta ndani, havikuhitaji kutuma hesabu ardhini. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ikasema kuhamisha hesabu kutoka ardhini hadi ndani ya chombo hakubadilishi wazo. Kesi ikaendelea. Mwaka 1994 fidia ikapangwa kwa mrabaha wa asilimia 1, ikafika, pamoja na fidia ya kucheleweshwa, takriban dola milioni 114. Rufaa zikapanda hadi Mahakama ya Juu na kurudishwa, mara kwa mara, mpaka 1999.

Katika kesi hiyo serikali ilikuwa mteja, ikawa mdai wa umiliki, ikawa mshtakiwa, na wakati wote ilikuwa mtunza faili. Ndiyo sababu tarehe zinapatikana kwake. Mvumbuzi hukumbuka anavyotaka kukumbuka. Ofisi ya malipo hukumbuka siku ambayo hati iligongwa muhuri.

(Na jina Hughes haliniachi. Mwaka 1975 mwandishi Harriet Ann Phillippi aliomba karatasi za CIA kuhusu meli Glomar Explorer, iliyojengwa kwa kisingizio kwamba Howard Hughes, tajiri aliyeianzisha kampuni hiyo, anataka kuchimba madini baharini, kumbe ni kuinua nyambizi ya Kisovieti iliyozama. CIA wakajibu kwamba hawawezi kukiri wala kukanusha kuwa karatasi hizo zipo. Mpaka leo jibu la namna hiyo linaitwa "Glomar." Mimi sikuwahi kupewa Glomar. Kifaa changu hakikuwa na hadhi hiyo.)

Katika kurasa za barua ya pili, chini ya weusi, niliona tarehe moja: siku ya mapitio ya mradi, ambapo kampuni yenye hataza iliwaonyesha maofisa wa serikali muundo kamili. Nikahesabu kwa vidole. Miezi 16 kabla ya kuomba hataza! Sheria ya Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja tu tangu aanike kitu chake hadharani. Ukipita mwaka bila kuomba, hataza haipo. Nikampigia rafiki yangu mwanasheria, aliyekwisha choka na simu zangu.

"Ndugu yangu," akasema, "kwenye hicho kikao mlango ulikuwa wazi au umefungwa?"

"Ni kikao cha mradi. Nadhani ulifungwa."

"Basi hakuna kilichoanikwa. Mteja na mkandarasi kuonyeshana kazi kwa siri si hadharani. Lala."

Sikulala. Ila alinitoa kwenye ujinga wa pili. Muda wote nilikuwa nikiuliza nani alibuni kwanza, kama kwamba ni kesi ya Williams. Kwa hataza zilizoombwa kuanzia Machi 16, 2013, Marekani haiulizi tena hivyo. Anayewahi kuomba ndiye anayetangulia. Kilichobaki cha kuuliza ni kama kitu kilikuwa kimeshaonwa na watu kabla. Nilikuwa namtafuta mwizi, na huenda hapakuwa na mwizi.

Barua ya tatu ilikuwa fupi sana. Niliomba daftari la maombi: orodha ya maombi yote ya FOIA ambayo ofisi ile ilipokea kwa miaka mitatu, nani aliomba, nini, na yaliishaje. Hii ni karatasi ninayompendekezea kila anayeniuliza. Haina siri ya biashara, haina foleni ndefu, na inakuonyesha nani mwingine yuko msituni. Ilikuja baada ya mwezi mmoja. Mistari mia kadhaa. Katikati yake nikakuta kampuni ya mawakili imeomba mkataba uleule, namba ileile, miezi tisa kabla yangu. Waliomba "ripoti zote za kiufundi." Safu ya matokeo ilisema: zimetolewa kwa sehemu, (b)(4).

Yaani watu wanaolipwa kwa saa walikuwa wamepita njia yangu na kukutana na wino uleule. Kama nao walishindwa, kwa nini nizidi kugonga mlango huo? Nikachukua kalamu nikaorodhesha karatasi ambazo mradi wowote huzizaa na ambazo hakuna mhandisi angezijali: mahudhurio ya vikao, hati za malipo, barua za kusindikizia vifurushi, ratiba, fomu za safari. Barua ya nne iliomba hayo na hayo tu. Niliandika wazi kwamba sihitaji data za kiufundi. Kampuni haikuwa na la kupinga. Kurasa 61 zilikuja bila doa, isipokuwa namba za simu za watu, ambazo zilifichwa na zilistahili kufichwa.

Fomu ya safari ilitaja jina la warsha na tarehe yake: miezi miwili baada ya kile kikao, miezi 14 kabla ya ombi la hataza. Warsha ya wazi, ya kujiandikisha na kulipa ada kama mtu mwingine yeyote. Niliandika jina lake kwenye kompyuta. Kitabu cha mawasilisho kilikuwa kwenye maktaba ya chuo kikuu kimoja, kimepigwa picha kurasa zote, na kila anayetaka anakisoma bure. Slaidi ya tisa ilikuwa mchoro wangu. Kutoka fomu hadi mchoro ilinichukua dakika 11. Miezi saba, kisha dakika 11.

Sikuwa wa kwanza kukutana na kichekesho hiki. Machi 2014 Blue Origin, kampuni ya roketi, walipewa hataza ya kurudisha roketi na kuitua wima kwenye jukwaa lililoko baharini. Jeff Bezos, mwanzilishi wake, ni mmoja wa wavumbuzi waliotajwa. Agosti mwaka huo washindani wao SpaceX wakaipinga mbele ya bodi ya rufaa ya ofisi ya hataza. Silaha yao kuu ilikuwa makala ya mkutano ya mwaka 1998 ya Yoshiyuki Ishijima na wenzake, iliyokwisha eleza roketi inayorudi na kutua hivyo kwenye meli. Makala hiyo haikuwa imefichwa. Ilikaa miaka 16 ikisubiri mtu aifungue. Mwaka 2015 bodi ikakubali kuyapitia madai 13 kati ya 15 ya hataza hiyo (yaani vifungu vinavyosema ni kipi hasa kinachomilikiwa), na Blue Origin wenyewe wakaomba yafutwe. Mawili yaliyobaki bodi iliona yameandikwa kwa namna isiyoeleweka kiasi cha kutoweza kuyalinganisha na chochote. Aprili 2016 Falcon 9, roketi ya SpaceX, ikatua kwenye mashua katika Atlantiki.

Tofauti yangu na SpaceX, ukiacha fedha, ni kwamba kwangu makala iliyoiumiza hataza ilitoka kwa mwenye hataza mwenyewe. Hakuibiwa. Alisimama jukwaani akaonyesha, akarudi nyumbani, akachelewa miezi miwili.

Niliwatumia mawakili wa pande zote mbili kiungo cha kitabu na namba ya slaidi. Hakuna aliyenijibu, na sikutarajia. Wiki sita baadaye kumbukumbu za mahakama zikaonyesha kesi imefutwa kwa makubaliano ya wahusika, kila upande ubebe gharama zake, masharti hayakutajwa. Sijui kama slaidi ile ilikuwa na mkono wake hapo. Hataza bado iko hai. Sheria inamruhusu mtu yeyote kuweka machapisho ya zamani kwenye faili la hataza, bila ada ikiwa haombi uchunguzi mpya, nami nikafanya hivyo. Ila kama ushahidi wa kazi iliyotangulia inapokea hataza na machapisho tu. Fomu ya safari, iliyonifikisha kila mahali, haikukubalika kuambatanishwa. Iko kwenye droo yangu.

Mwezi uliopita niliomba tena daftari la maombi la ofisi ile, kwa mazoea tu. Mimi nimo. Jina langu limekosewa herufi mbili, na maombi yangu yote manne yameandikwa "limefungwa." Mistari michache chini yake kuna ombi jipya, la mtu nisiyemfahamu, kwa namba ileile ya mkataba. Anaomba mahudhurio ya vikao, hati za malipo, barua za kusindikizia vifurushi, ratiba na fomu za safari, kwa mpangilio uleule niliouandika mimi.